Tuta Ndani ya Tuta: Katwijk Haina Ukuta

Wiki iliyopita mgeni mwingine kutoka nyumbani, mtu mzima mwenye shahada ya uhandisi, alisimama nami ufukweni mwa Katwijk, mji wa pwani wa Uholanzi, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaniuliza ukuta wa kuzuia bahari uko wapi. Alikuwa amesimama juu yake, nyasi zikimfika magotini. Nimekwisha kulijibu swali hilo kwa upole mara nyingi mno, na leo nalijibu kwa maandishi ili nipate kupumzika.

Wanaouliza hivyo huwa wanaamini mambo matatu kwa pamoja: kwamba Uholanzi nzima iko chini ya usawa wa bahari, kwamba miji ya pwani ndiyo iliyo chini zaidi kwa kuwa iko jirani na maji, na kwamba kinachoizuia bahari isiimeze ni zege. Yote matatu si kweli. Sehemu ya nchi iliyo chini ya usawa wa bahari ni asilimia 26. Jopo la kimataifa la tabianchi liliandika asilimia 55 katika ripoti yake ya mwaka 2007, likalazimika kusahihishwa mwaka 2010, kwa sababu asilimia 29 za ziada ni ardhi inayoweza kufurikwa na mito, jambo ambalo ni tofauti kabisa. Mahali pa chini kuliko pote, karibu mita 6.7 chini ya usawa wa bahari, pako bara, upande wa Nieuwerkerk aan den IJssel, ambako bahari huisikii wala huioni.

Katwijk haina stesheni ya treni, kwa hiyo shuka Leiden upande basi, au bora zaidi ukodi baiskeli, maana miguu itakufundisha kuliko mimi. Manispaa hii, tangu ilipounganishwa na Rijnsburg na Valkenburg mwaka 2006, inaanzia kwenye mashamba ya maua na kingo za mto Rhine wa Kale na kuishia baharini, na kadiri unavyoikaribia bahari ndivyo unavyopanda. Mtaa wa mwisho kabla ya kufika kwenye kanisa jeupe la ufukweni hukulazimisha kusimama juu ya pedali. Mji wa bahari umejengwa juu ya matuta ya mchanga. Walio bondeni ni majirani zake wa nyuma. Bahari ikipasua hapa, haitawazamisha watu wa Katwijk peke yao, bali itateremka kuelekea Leiden na nyanda zilizokaushwa zilizo nyuma yake.

Mchanga huohuo umewahi kuwa adui. Katika karne ya 12 uliziba mlango wa Rhine wa Kale, na kwa miaka mamia maji ya bara yakakosa pa kutokea, hadi mfereji na malango ya maji vilipokamilika hapa mwaka 1807. Watu huishangaa Uholanzi kwa kuizuia bahari isiingie, wakasahau kwamba kazi ya kila siku, hata leo, ni kuyatoa maji ya ndani.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera hasa, na Kiswahili chetu nacho kinachangia, kwa sababu kwetu tuta ni tuta: lililolundikwa na upepo, lililojengwa na watu, la viazi na la barabarani. Katwijk yapo mawili, moja ndani ya jingine. Kabla ya mwaka 2015, mstari rasmi wa ulinzi ulipita katikati ya mji, na wakazi wapatao 3,000 waliishi upande wa bahari wa mstari huo. Ili kuwaingiza ndani, ingewezekana kulundika mchanga mtupu, lakini tuta la namna hiyo lingehitaji kuwa refu na pana kiasi cha kuwaziba watu macho wasiione bahari, na watu wa mji wa wavuvi hawakubali kuzibwa macho. Kwa hiyo lilijengwa tuta gumu lenye vazi la mawe, likafukiwa kwa mchanga, likapandwa nyasi. Nyuma yake, upande wa mji, wakaweka maegesho ya magari chini ya mchanga. Maegesho hayo hayazuii maji, ingawa kila mgeni hupiga picha ngazi zake akidhani ndizo ngome.

Mchanga ulio mbele si pambo. Dhoruba ikija, mawimbi huula uso wa tuta, mchanga ukaporomoka na kutandazwa kwenye maji ya kina kifupi, na hapo mawimbi yanayofuata huvunjikia mbali na mji. Tuta hujilinda kwa kubomoka. Mawe yapo kwa ajili ya usiku ambao mchanga utakwisha kabla ya dhoruba. Ukiweka ukuta mtupu ufukweni, wimbi hugonga na kurudi likiwa na nguvu, likauchimba mchanga ulio miguuni pa ukuta. Nasema haya nikikumbuka Kunduchi, ufukwe wa Dar es Salaam, ambako mchanga ulichimbwa kwenye vijito vinavyoilisha pwani, kisha watu wakaanza kuagiza mawe.

Kiwango kilichotumika kusanifu ulinzi wa eneo hili ni dhoruba ya uwezekano wa 1 kwa 10,000 kila mwaka. Tafadhali, hiyo si ratiba. Haimaanishi kwamba tuna miaka 10,000 ya kulala. Mtu atakayeishi hapa miaka 70 ana uwezekano wa karibu asilimia 0.7 wa kuiona. Hapa nikiri jambo ambalo vitabu hulipitia haraka: vipimo vya kuaminika vya maji ya dhoruba vina umri wa zaidi kidogo ya karne moja, nasi tunauvuta mchoro wake hadi miaka 10,000. Hesabu ni safi, lakini mimi binafsi sijawahi kuiamini tarakimu ya mwisho. Pia nina wasiwasi na mchanga wenyewe. Tangu mwaka 1990 sera ni kuurudishia ufukwe mchanga unaopotea, ukifyonzwa na meli kutoka sakafu ya bahari yenye kina cha zaidi ya mita 20. Bahari inavyopanda, shehena nazo lazima ziongezeke, na kila mfyonzo huwaua viumbe wa sakafu hiyo. Kwangu bado ni nafuu kuliko zege, ila sisemi kwamba ni bure.

Mgeni wangu aliomba angalau nimwonyeshe jiwe moja. Nilimwambia amechelewa, sijaliona tangu lifukiwe, na siku nitakayoliona tena nitakuwa na haraka ya kuondoka.