Wilaya za Maji za Texas: Deni Linalopigiwa Kura Kabla ya Wakazi Kufika

Wenzetu wanaonunua nyumba viungani mwa Houston huniletea hati yao ya kwanza ya kodi ya mali na kuuliza ni nani huyu anayedai chake mbali na kaunti na shule. Ni wilaya ya huduma za maji, na jina hilo lisimpotoshe msomaji aliyezoea wilaya za Tanzania, kwa maana hii haina mkuu wa wilaya. Ina wakurugenzi watano, mabomba na deni.

Msingi wake ni marekebisho ya katiba ya jimbo ya mwaka 1917. Mwenye ardhi anayetaka kujenga mtaa mahali ambapo maji ya mji hayajafika huwasilisha ombi kwa tume ya mazingira ya jimbo, na ardhi ikiwa katika eneo la pembezoni lililo chini ya uangalizi wa mji fulani, ridhaa ya mji huo huombwa kwanza. Bunge la jimbo nalo laweza kuunda wilaya kwa sheria mahususi.

Kisha huitishwa uchaguzi wa kuithibitisha wilaya, ambao kwa kawaida huidhinisha pia hatifungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji, na kodi ya kuzilipia. Hapo ndipo penye uzito, kwa kuwa siku hiyo mtaa bado ni pori, na wapiga kura huenda wakawa wawili au watatu wanaoishi katika nyumba za kuhamishika zilizowekwa kwenye ardhi hiyo, wakaidhinisha mamilioni ya dola yatakayolipwa na watu ambao hawajafika. Ni halali, ingawa mimi sijawahi kuizoea.

Mjenzi hutandaza mabomba ya maji na majitaka kwa fedha zake, kisha hurejeshewa sehemu kubwa ya gharama kutokana na mauzo ya hatifungani, baada ya tume kukagua mradi na Mwanasheria Mkuu wa jimbo kuthibitisha uhalali wa deni. Wawekezaji hukubali riba ndogo kwa sababu dhamana yao ni kodi isiyo na kikomo juu ya mali yote ya wilaya. Hatifungani ya mamlaka ya maji ya Tanga ya mwaka 2024, yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12, ilitegemea mapato ya maji, kwa kuwa mamlaka ile haitozi kodi.

Tuseme kiwango ni senti 80 kwa kila dola 100 za thamani: nyumba ya dola 300,000 italipa dola 2,400 kwa mwaka. Nyumba zikiongezeka, mzigo hugawanyika. Ujenzi ukikwama, waliokwisha kuhamia ndio huubeba. Bei ya mafuta ilipoanguka katika miaka ya 1980, baadhi ya wilaya za Houston zilishindwa kulipa.

Sheria humtaka muuzaji akupe taarifa ya wilaya kabla hujafungwa na mkataba. Linganisha humo kiasi cha hatifungani kilichoidhinishwa na kiasi kilichokwisha kuuzwa, kwani tofauti yake ni deni linaloweza kuongezwa bila wewe kupiga kura yoyote.