Mkono unauma, mbona wanashika kichwa?

Mgonjwa mwenye maumivu sugu ya neva mkononi akiambiwa atasisimuliwa ubongo, huwaza mambo mawili: ama daktari anamwona anajifanyisha, ama anapelekwa kupigwa shoti kama wagonjwa wa akili. Yote mawili si kweli.

Tuanze na kujifanyisha. Neva ya mediani, moja ya neva kuu za mkono, ikibanwa kwenye kifundo cha mkono, jeraha liko pale pale kifundoni. Lakini maumivu yakidumu miezi, mfumo wa fahamu wenyewe hubadilika: uti wa mgongo na ubongo huzikuza ishara, hata mguso wa shuka ukawa kero. Kuusisimua ubongo ili utulie, basi, ni kama kupunguza sauti ya kipaza sauti kilichofunguliwa mno. Anayeipunguza sauti hajasema kwamba hakuna anayeongea.

Kuhusu shoti, tiba ile hutolewa mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi, na lengo ni kuamsha degedege. Hapa mtu yuko macho. Koili ya sumaku (waya uliozungushwa unaotoa mapigo ya sumaku), mbinu iliyoonyeshwa na mtafiti Anthony Barker wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, huwekwa juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, kwa kawaida upande wa pili: mkono wa kulia, ubongo wa kushoto. Njia nyingine hupitisha kichwani umeme mdogo wa miliampea 1 hadi 2.

Nafuu hutofautiana, na mara nyingi hufifia bila kurudiwa. Neva iliyobanwa haifunguliwi hivyo. Upasuaji ukihitajika, unabaki palepale. Mwenye kifafa au chuma kichwani aseme mapema.