Nguvu halisi ya umeme katika tiba ya ultrasaundi iliyolengwa

Nguvu halisi ya umeme ni kiasi cha wati kinachoingia katika transdyusa, yaani kifaa kinachogeuza umeme kuwa mawimbi ya sauti, baada ya kuondoa kiasi kinachorudishwa kuelekea amplifaya, kifaa kinachokuza umeme huo. Katika tiba ya ultrasaundi iliyolengwa, mawimbi hayo hukusanywa kwenye eneo dogo ndani ya mwili, lenye upana wa milimita chache tu, mpaka tishu zipate joto la nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi na kufa bila ngozi kupasuliwa. Nchini Marekani njia hii iliidhinishwa mwaka 2004 kwa uvimbe wa fibroidi katika mfuko wa uzazi, na mwaka 2016 kwa ugonjwa wa kutetemeka mikono. Wati zikipungua, tishu iliyokusudiwa hubaki hai. Zikizidi, tishu za jirani huungua.

Kiasi kinachoonyeshwa kwenye amplifaya hakitoshi kumwongoza mtu. Amplifaya nyingi za kazi hii hutengenezwa kwa mzigo wenye ukinzani wa omu 50, ilhali ukinzani wa transdyusa hubadilika kufuatana na marudio ya mawimbi na joto la kauri inayotetemeka ndani yake na kutoa sauti. Ndiyo maana kati ya viwili hivyo huwekwa sakiti ya kulinganisha, yaani ya kuoanisha ukinzani wao, na hata ikiwepo, sehemu ya umeme hurudi. Kipimo kinachowekwa kwenye kebo hutenganisha nguvu inayokwenda na inayorudi: zikienda wati 100 na kurudi 11, zilizoingia ni 89.

Hesabu hiyo ni rahisi, lakini ina mtego unaostahili kuangaliwa kwa makini. Kama ulinganishaji ni mbaya kiasi kwamba kati ya wati 100 zinarudi 90, nguvu halisi ni 10, na kosa la asilimia 5 tu katika kupima zile 100 ni wati 5, ambazo ni nusu ya jibu lote. Kupima volti peke yake nako hakusaidii, kwa sababu nguvu hutegemea pia mkondo na tofauti ya awamu kati ya volti na mkondo, yaani kiasi ambacho kimoja hutangulia au huchelewa nyuma ya kingine. Tofauti hiyo ikifika nyuzi 60 za pembe, nguvu halisi ni nusu tu ya zao la volti na ampia. Kwa maoni yangu, anayeripoti jaribio la tiba hii kwa kutaja volti za chombo kinachozalisha mawimbi ya umeme pekee hajamwezesha mwenzake kulirudia.

Wakati tiba inaendelea, mabadiliko ya nguvu inayorudi ni onyo la mapema. Yanaweza kutokana na viputo vya hewa vilivyonasa usoni mwa transdyusa, kauri iliyopata joto au ufa, au kebo iliyolegea. Mashine ya kutibu kutetemeka kupitia fuvu la kichwa ina vipande 1024 vya kutoa sauti, kwa hiyo usomaji wa jumla unaweza kuficha vipande vichache vilivyokufa, na ni lazima kila njia ya umeme iangaliwe peke yake.

Hata hivyo, umeme ulioingia haugeuki wote kuwa sauti. Sehemu hubaki ndani ya transdyusa kama joto. Uhusiano wa umeme na sauti hupatikana maabara, kwa kuelekeza sauti ndani ya maji kwenye shabaha inayoifyonza yote, iliyounganishwa na mizani nyeti: kila wati moja ya sauti husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa miligramu 69 hivi. Mizani hiyo haiwezi kuwekwa mbele ya mgonjwa, hivyo daktari hutegemea jedwali lililotayarishwa mapema, akisoma wati za umeme na kukadiria za sauti. Kinachotokea baada ya sauti kuingia mwilini, umeme haukioni. Hapo joto hufuatiliwa kwa picha za MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Jedwali lenyewe hupimwa upya kila transdyusa, kebo au sakiti ya kulinganisha inapobadilishwa.