Kamera ya kupima macho ya watoto: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mashine inapima mtoto anaona kiasi gani."
Haipimi hilo. Hutoa mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni, ukapita kwenye mboni, ukagonga retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) na kurudi. Kwa namna mwanga huo unavyojipanga ndani ya mboni, programu hukadiria namba ya miwani ya kila jicho na kuangalia kama macho yametazama upande mmoja. Inachotafuta ni visababishi vya jicho vivu, yaani jicho ambalo ubongo haujajifunza kulitumia vizuri: makengeza, au jicho moja kuhitaji lenzi yenye nguvu tofauti sana na jingine. Uonaji wenyewe hupimwa kwa chati ya picha au herufi E, jicho moja moja, mtoto akishafika miaka 3 au 4. Kamera inafaa kwa wadogo zaidi, hata wa mwaka mmoja aliyepakatwa na mama yake.

"Ikishindwa kusoma, ni utundu tu wa mtoto."
Hapa ndipo watoto wengi hupotelea. Kwanza rekebisha chumba: funga pazia, zima taa kali, lakini pasiwe giza totoro, mtoto ataogopa. Jua la dirishani hubana mboni, na mashine nyingi huhitaji mboni ya milimita 4 hivi. Subiri dakika mbili tatu. Simama umbali wa mita 1, kamera iwe usawa wa macho yake, kichwa kisiinamie begani. Rudia mara tatu. Ikigoma bado, andika rufaa. Mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi ya jicho, huziba njia ya mwanga, kwa hiyo mashine kukosa cha kusoma kunaweza kuwa ndilo jibu lenyewe.

"Imesema yuko sawa, basi hana ugonjwa."
Makengeza ya kuja na kuondoka yanaweza kuwa yametulia sekunde zile za kupimwa. Saratani ya retina nayo si kazi ya kamera hii. Mzazi akisema mboni inang'aa nyeupe kwenye picha za simu, mwamini yeye kuliko skrini, na mtoto aonwe na daktari wa macho haraka, ndani ya siku, si miezi.

"Namba ya mashine ipelekwe duka la miwani."
Hapana. Mtoto hukaza lenzi ya jicho lake bila kujua, na namba ya kutoona karibu hujificha. Kliniki humpa kwanza matone ya kulegeza misuli, kwa mfano saiklopentoleti, husubiri nusu saa au zaidi, kisha hupima upya. Siku hiyo ataukwepa mwanga na vitu vya karibu vitamfifia, mpeni kofia.

"Tusubiri aanze darasa la kwanza."
Jicho vivu huitikia tiba vizuri zaidi kabla ya miaka 7: miwani kwanza, kisha kuziba lile jicho lisilo na tatizo, mara nyingi saa 2 kwa siku tatizo likiwa la wastani, saa 6 likiwa kubwa.