Svatý Václav: filamu ya hela nyingi iliyokosa sherehe yake

Ukitaja filamu bubu watu wanawaza yule jamaa wa kofia na kifimbo, Charlie Chaplin, basi. Ila sisi wa maktaba za filamu tunajua kuna zile za kihistoria zilizokula hela kweli kweli, na mojawapo ni Svatý Václav (yaani Mtakatifu Václav) ya mwongozaji Jan S. Kolár, kati ya filamu bubu ghali kuliko zote za Czechoslovakia.

Stori yenyewe ni ya ukoo. Václav alitawala Bohemia, sehemu ya Czech ya leo, karne ya 10, alilelewa Kikristo na Ludmila, bibi mzaa baba, na huyo bibi alikuwa haivi chungu kimoja na mkamwana wake Drahomíra, yaani mama mzazi wa Václav. Mwaka 921 bibi akanyongwa kule Tetín. Baadaye Václav naye akauawa Stará Boleslav, mdogo wake Boleslav ndo aliyepanga, wengine wanasema ni 929 wengine 935. Wacheki wakashika 929, kwa hiyo 1929 ikawa miaka elfu tangu auawe, wakaandaa sherehe kubwa, hata kanisa kuu la Mtakatifu Vitus pale Praha lililoanza kujengwa 1344 likamaliziwa mwaka huo.

Filamu ilitakiwa iwe sehemu ya shamrashamra hizo. Wakaweka majeshi, farasi, mavazi, Zdeněk Štěpánek akawa Václav, Ludmila wakampa Vera Baranovskaya, Mrusi aliyetamba kwenye filamu ya 1926 ya Pudovkin, mwongozaji wa Kisovieti. Sasa kazi kubwa hivyo ikachelewa, ikatoka Aprili 1930, sherehe zimeshaisha na mbaya zaidi kumbi za Praha zimeshaonja filamu za sauti, nani tena alipe aangalie watu wanatikisa midomo? Ikabuma. Mi naona kalenda ndo iliyoiua, maana kwa ukubwa wa picha zake ilistahili watu.

Ukitaka kuiona, tafuta ile iliyokarabatiwa na hifadhi ya taifa ya filamu ya Czech mwaka 2010, na iwe na muziki, kwa sababu Oskar Nedbal na Jaroslav Křička waliitungia muziki wa okestra kabisa. Na ukiona watu wanakimbia kimbia kama wanafukuzwa na nyuki, ujue kopi hiyo imechezeshwa spidi siyo yake, ndivyo filamu bubu nyingi zinavyoharibiwa, usiwalaumu waigizaji.