Oktoba ya nguo Lancashire: anza na mtambo, sanaa ifuate

Tamasha la sanaa ya nguo, kwa wengi wetu, ni jumba moja lenye kuta nyeupe na mlinzi mlangoni. British Textile Biennial haiko hivyo. Tangu 2019 hufanyika kila Oktoba ya mwaka wa witiri huko mashariki mwa Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na kazi zake hutawanywa Blackburn, Burnley na miji midogo inayoizunguka, ndani ya viwanda vya zamani, maghala na majumba ya kale. Maonyesho mengi hayana kiingilio. Unacholipa ni muda na miguu.

Ushauri wangu wa kwanza huwashangaza wageni: usianze na sanaa. Anza Queen Street Mill, kiwanda cha kufuma kilichojengwa 1894 pale Harle Syke, mlimani juu ya Burnley. Ndani yake kuna mitambo ya kufumia zaidi ya 300 na injini ya mvuke iitwayo Peace, yenye nguvu za farasi 500. Siku hizi ni makumbusho. Hufunguliwa kwa msimu, na injini haiwashwi kila siku, kwa hiyo uliza siku ya kuwashwa kabla hujakata tiketi ya treni. Ukifika siku isiyo yake utaona vyuma vilivyolala, na utakuwa umekosa nusu ya somo.

Mtambo ukiwashwa, simama pembeni ya mmoja tu na uutazame kwa dakika tano. Nyuzi zilizonyoshwa kwa urefu ni mtande. Unaopita kati yake kwa upana ni mshindio. Mshindio hubebwa na kigogo chenye ncha mbili za chuma, kinachorushwa huku na huku kama mara 200 kwa dakika. Sasa tazama uma mdogo wa chuma karibu na pindo. Kila mshindio unapopita, uzi huusukuma. Uzi ukikatika au ukiisha hakuna cha kuusukuma, nao mtambo husimama wenyewe. Kifaa hicho kilibuniwa Blackburn katika miaka ya 1840, na ndicho kilichomwezesha mfumaji mmoja kusimamia mitambo minne, wakati mwingine sita. Bila hicho, kitambaa kingeendelea kusonga bila mshindio na mita nzima ingeharibika kabla mtu hajageuza shingo.

Mshindio ukiisha, mfumaji alitia kijiti kipya chenye uzi na kuuvuta uzi kwenye tundu la kigogo kwa kunyonya kwa mdomo. Wenyewe waliita kukibusu. Vumbi la pamba lilikwenda kifuani, na kigogo kilichopita midomo mingi kilipitisha na magonjwa. Kelele nazo: vaa vizibo vya masikio. Wafumaji wa huku walizungumza kwa kusomana midomo, na wengi walizeeka viziwi.

Kwa nini hapa, kwenye mvua isiyokatika? Uzi wa pamba ukipata unyevu huimarika, ukikauka hukatika. Hewa chepechepe ya milima hii ilikuwa mtaji.

Ukitoka hapo macho yako yatakuwa mengine. Mbele ya kazi yoyote iliyofumwa utauliza mtande ni wa nini na mshindio ni wa nini, swali ambalo mgeni wa kawaida halifikirii. Chukua mfano wa kitambaa cha mtande wa kitani na mshindio wa pamba, kilichofumwa sana Lancashire kabla ya viwanda vikubwa. Sababu haikuwa urembo. Uzi wa pamba wa Kiingereza wa enzi hizo ulikuwa dhaifu, haukustahimili mvuto wa mtande, wakaazima nguvu kwenye kitani. Hali ilibadilika baada ya mashine ya mvumbuzi Mwingereza Arkwright ya 1769 kusokota uzi wa pamba ulio imara zaidi. Basi msanii wa leo akirudia mchanganyiko ule, anazungumzia wakati kabla ya utumwa wa mashambani Marekani kuijaza Lancashire pamba. Kibao kitakwambia tu "kitani na pamba". Mengine ni juu yako.

Kitani chenyewe kilirudi mwaka 2021, pale tamasha lilipohamasisha watu wa Blackburn kulima mmea wake kwenye kiwanja cha mjini ili wapate kitambaa cha jinzi, pamoja na mmea wa kutoa rangi ya buluu. Kwa wasioujua mmea wa kitani: huvunwa siku 100 hivi baada ya kupandwa, tena hung'olewa na mizizi badala ya kukatwa, kwa kuwa nyuzi hukimbia urefu wote wa shina na kila sentimita ina thamani. Kisha shina huachwa kwenye umande au majini lioze kiasi. Likioza kidogo, nyuzi haziachi gamba. Likizidi, nyuzi zenyewe huharibika.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kazi iliyotugusa karibu zaidi ni ya Lubaina Himid mwaka huohuo wa 2021. Himid alizaliwa Zanzibar 1954, anaishi Preston, na 2017 alitwaa tuzo ya sanaa ya Uingereza iitwayo Turner. Katika ghala kuu la Gawthorpe Hall, jumba la kale la Padiham karibu na Burnley, alitandaza mita 400 za kitenge cha waksi cha Kiholanzi na kuziita Lost Threads, vitambaa vikitiririka mithili ya bahari, mito na mifereji iliyosafirisha pamba, nguo na watu waliouzwa. Piga hesabu kwa kipimo chetu: vitenge 73 hivi vya yadi sita sita. Mtu aliyewahi kushika kitenge kimoja dukani anaelewa uzito wa jambo hilo bila kuambiwa.

Kitenge cha waksi kinajulikana kwa kugeuzwa. Nta hupigwa pande zote mbili kabla ya rangi, kwa hiyo nyuma kunang'aa sawa na mbele. Nta ikivunjika, rangi hupenya na kuacha mishipa myembamba, na mishipa hiyo haijirudii mita hadi mita. Ikijirudia sawasawa, ni chapa ya kuiga. Kwenye maonyesho huruhusiwi kugeuza, lakini tafuta penye mkunjo, upande wa pili utajitokeza.

Kuna uzi mwingine unaotuunganisha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba ya Lancashire, na viwanda vya Blackburn vikafungwa watu wakalala njaa. Vita vilevile vilipunguza merikani, yaani kitambaa cha pamba cha Marekani, kwenye soko la Zanzibar, nguo za Uingereza na India zikapata mlango. Jumba la soko la pamba la Blackburn, Cotton Exchange, lilifunguliwa 1865, vita vikiisha. Tamasha limewahi kulitumia: mwaka 2019 lilijaa viatu vya Adidas, jambo linaloweza kumshangaza mpenzi wa vitambaa vya kufumwa. Mimi naona lilikuwa sawa, kiatu nacho ni kazi ya nguo.

Namna ya kutazama: simama mita tano uone umbo, mita moja uone muundo, kisha sentimita thelathini uone uzi. Mkono nyuma, begi kifuani. Zipu ya begi la mgongoni hung'oa uzi kuliko kidole cha mtoto. Kutojulikana kama picha imefumwa au imechapwa ni tatizo la kawaida. Sogea: rangi ikibadilika kwa kila uzi unaoibuka na kuzama, imefumwa, ikiwa imekaa juu ya nyuzi na kuvuka mipaka yake, imechapwa. Chumba kikiwa na giza usilalamike. Nguo za zamani huwekewa mwanga hafifu wa luksi 50 hivi, kwa sababu rangi ikififia hairudi. Yape macho dakika mbili.

Utagundua pia kwamba nguo dhaifu hazipelekwi kwenye viwanda visivyo na kipasha joto. Unyevu ukipanda na kushuka, nyuzi hutanuka na kujikunja, na pazia zito hufanya mawimbi upande wa chini. Huko huwekwa kazi ngumu, kubwa, au za sintetiki. Mitarizi na lesi za kale zitafute Gawthorpe Hall, kwenye mkusanyo ulioanzishwa na Rachel Kay-Shuttleworth, mwanamke aliyetaka watu wajifunze kwa kuitazama nguo kwa karibu.

Kuhusu safari, fuata reli. Treni ya Preston kwenda Colne hupita Blackburn, Accrington, Rose Grove, Burnley, Brierfield na Nelson, na huwa moja kwa saa; ukiikosa, saa nzima imekwenda. Tenga siku mbili: moja ya upande wa Burnley, nyingine ya Blackburn. Padiham haina stesheni. Shuka Rose Grove ufuate njia ya miguu iliyopita kwenye reli ya zamani, au panda basi kutoka Burnley. Kumbi nne kwa siku zinatosha, ya tano hutaikumbuka. Epuka Jumatatu na Jumanne, kwa kuwa kumbi ndogo nyingi hufungwa mwanzoni mwa wiki. Vaa sweta, sakafu za mawe zina baridi ya kupanda miguuni.

Na ukienda mwishoni mwa mwezi, kumbuka kwamba Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma kwa saa moja. Kuanzia siku hiyo jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo kazi zinazotegemea mwanga wa dirishani zipange asubuhi.