Kitabu, filamu na ubishi: dhana potofu kuhusu The Lord of the Rings

Ubishi kuhusu The Lord of the Rings una umri mkubwa kuliko wengi wa wanaobishana. Hadithi yenyewe ni ya Frodo, Hobbit (watu wafupi wa nchi ya Shire), anayebeba Pete yenye nguvu za uovu hadi Mordor, nchi ya mtawala mwovu Sauron, ili iharibiwe. Zikitajwa tu filamu za Peter Jackson za 2001, 2002 na 2003, mashabiki hugawanyika kambi mbili: wa kitabu na wa filamu. Mimi kitabu nakipenda na filamu nazipenda, kwa hiyo napigwa mawe kutoka pande zote mbili. Ukali wa maneno haunisumbui. Kinachonisumbua ni hoja zinazoshikiliwa kwa nguvu zote wakati jambo lenyewe haliko hivyo, kitabuni wala kwenye filamu.

Dhana: Vitabu ni vitatu, ndiyo maana filamu ni tatu

J.R.R. Tolkien aliandika riwaya moja, akaigawa katika sehemu sita. Mchapishaji wake, Allen & Unwin, ndiye aliyeitoa kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955, kwa sababu karatasi ilikuwa ghali baada ya vita na haikujulikana kama kitabu kirefu namna ile kingepata wanunuzi.

Utasema hayo ni mambo ya kiwandani, yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Nusu ya kwanza ya juzuu ya pili inawafuata Aragorn, mrithi wa ufalme, na wenzake, na Frodo haonekani hata mara moja. Nusu ya pili ni safari ya Frodo, mtumishi wake Sam, na Gollum, kiumbe aliyewahi kuimiliki Pete, mpaka mwisho. Hakuna filamu inayoweza kumficha mhusika wake mkuu kwa saa nzima na zaidi, kwa hiyo watengenezaji walizisuka safari hizo mbili pamoja na mipaka ikahama. Kifo cha Boromir, msafiri mwenzao aliyejaribu kumnyang'anya Frodo Pete, ambacho kitabuni kinafungua juzuu ya pili, kikawa mwisho wa filamu ya kwanza. Buibui Shelob, anayefunga juzuu ya pili, akasukumwa hadi filamu ya tatu. Kwa hiyo anayelalamika kwamba "filamu ya pili haifuati kitabu cha pili" analinganisha vitu ambavyo havikuwahi kuwa jozi. Huyo buibui tumwekee alama, maana tutamhitaji.

Dhana: Faramir aliharibiwa kwa sababu hawakumwelewa

Hapa kambi ya kitabu ina haki ya kukasirika, ila kwa sababu nyingine kuliko inayotolewa. Kitabuni Faramir, mdogo wake Boromir, anawakamata Frodo na Sam, anawahoji kwa upole, na anatamka kwamba kitu hicho wanachokificha, hata angekikuta barabarani, asingekiokota. Anayasema hayo kabla hajajua ni kitu gani. Sam anapoteleza ulimi na kutaja Pete, Faramir anasimama kwenye neno lake. Kwenye filamu anawafunga, anawaburuta mpaka mji wa Osgiliath, na anakaribia kabisa kumpelekea baba yake Pete kama zawadi.

Waandishi wa skripti, Jackson, Fran Walsh na Philippa Boyens, walikuwa na sababu mbili. Ya kwanza: filamu nzima imetumia nguvu kutuonyesha Pete ikimlevya kila anayeikaribia, kisha anatokea mtu anayesema "siitaki" na yanaisha. Mtazamaji angeuliza, basi tulikuwa tunaogopa nini? Ya pili ni yule buibui. Shelob alipohamishiwa filamu ya tatu, Frodo na Sam walibaki bila kilele katika ya pili, na Faramir ndiye aliyebebeshwa kazi ya kuwatia hatarini.

Kwa hiyo walimwelewa vizuri, na wakamtoa kafara. Kwangu bei ilikuwa kubwa mno. Boromir ameshatuonyesha mtu mwema anayeshindwa. Hatukuhitaji kaka na mdogo wake wapite njia ileile. Tulihitaji kumwona anayeshinda bila jasho, ili tujue kwamba kushindwa kwa Boromir hakukuwa lazima.

Dhana: Maneno yasiyokuwemo katika sura hiyo ni ya kutunga

Hii ndiyo inayonifurahisha zaidi, kwa sababu ukiifuatilia unagundua jinsi skripti zile zilivyochambua kitabu kwa sindano. Hotuba ya Sam pale Osgiliath, kuhusu hadithi kubwa zenye maana, haikutungwa kwa ajili ya Osgiliath. Imetokana na mazungumzo yake na Frodo kwenye ngazi za Cirith Ungol, njia ya kuingilia Mordor, wakijiuliza kama nao wamo ndani ya hadithi. Onyesho ni la kubuni. Wazo ni la Tolkien.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Katika filamu ya pili, Gríma, mshauri msaliti wa mfalme, anamsogelea Éowyn, mpwa wa mfalme huyo, aliye na msiba, na kumnong'oneza kuhusu upweke wake wa usiku na kuta zinazomfinya. Kitabuni maneno hayo ni ya Gandalf, mchawi anayewaongoza kina Frodo, na hayamlengi Éowyn hata kidogo: anamweleza kaka yake, Éomer, ili aone dada yake alivyoteseka kimyakimya huku yeye akizunguka uwanjani na farasi wake. Maneno ya huruma yametiwa kinywani mwa mnyonya damu, na yamemkaa barabara.

Halafu kuna Gandalf na Pippin, Hobbit mwenzake Frodo, wakisubiri lango la mji wa Minas Tirith livunjwe. Gandalf anamtuliza kwa kumweleza pazia la mvua linalofunguka, fukwe nyeupe na nchi ya kijani chini ya jua linalochomoza, na kwenye filamu hayo ni maelezo ya kinachomsubiri mtu baada ya kufa. Kitabuni ni Frodo anayeyaona, mara ya kwanza ndotoni nyumbani kwa Tom Bombadil, mtu wa ajabu wa msituni aliyewapa Hobbit hifadhi, na mara ya mwisho akiwa melini, hai kabisa, anaelekea Magharibi. Kwa Tolkien safari hiyo ni neema waliyopewa wachache. Filamu imeigawa kwa kila mtu, na mtazamaji anatoka akiamini amesikia mafundisho ya kitabu kuhusu kifo. Maneno yamebaki karibu yaleyale, maana imegeuka. Wanaohesabu mistari kupima uaminifu wa filamu hapa hawana msaada wowote.

Dhana: Arwen alipachikwa ili kufurahisha watu wa leo

Arwen, mwanamke wa Elf (jamii ya watu wasiozeeka), ni wa Tolkien. Yumo Rivendell, makao ya Elf, anaolewa na Aragorn, na hadithi ya mapenzi yao iko kwenye Kiambatisho A, fupi na ya kuhuzunisha kuliko chochote kilichopigwa picha. Wala Jackson hakuwa wa kwanza kumwondoa Glorfindel, Elf anayempa Frodo farasi wake: filamu ya katuni ya Ralph Bakshi ya 1978 ilimpa Elf mwingine, Legolas, nafasi hiyo.

Hoja ya kweli kuhusu onyesho la kuvuka mto, ambamo Jackson alimpa Arwen nafasi ya Glorfindel, haimhusu aliyeongezwa. Inamhusu aliyenyang'anywa. Kitabuni Frodo anavuka mto akiwa peke yake juu ya farasi, ana jeraha linalomgeuza kivuli pole pole, na Wapanda Farasi Weusi, watumishi wa Sauron, wako ng'ambo. Anageuka. Anachomoa upanga. Anawaamuru warudi Mordor, na anaapa kwamba hawataipata Pete wala hawatampata yeye. Ni mpaka kiongozi wao anapoinua mkono ndipo Frodo anakosa sauti na upanga wake unavunjika. Kwenye filamu amelegea mbele ya Arwen kama mzigo, na Arwen ndiye anayewapa changamoto, kisha anayaita mafuriko. Kosa hili linatajwa mara chache kuliko kelele za Arwen, na nadhani ndilo lililowafanya watu wengi wamwone Frodo mlalamishi asiye na ushujaa. Moja ya saa zake bora alipewa mtu mwingine.

Dhana: Tolkien asingekubali filamu kamwe

Alikubali mapema sana. Mwaka 1957 Wamarekani waliokuwa na wazo la filamu walimfuata, na katika barua kwa mwanawe Christopher alieleza sera waliyokubaliana na mchapishaji: sanaa au fedha. Ama alipwe vizuri kwelikweli, ama apewe kauli ya mwisho juu ya mabadiliko asiyoyapenda. Muhtasari wa skripti ulipomfikia aliuchambua bila huruma. Moja ya malalamiko yake lilikuwa matumizi ya tai kuwabeba wahusika huku na huku. Tai, alisema, ni chombo cha hatari kwa mtunzi, na yeye mwenyewe aliwatumia kwa kubana. Wale wanaouliza kila mwaka kwa nini tai hawakuibeba Pete hadi Mordor wajue kwamba aliwaza habari hiyo ya tai kabla yao.

Mradi ule ulikufa, na mwaka 1969 haki za filamu zikauzwa kwa United Artists. Kwa hiyo Christopher alipolieleza gazeti la Le Monde mwaka 2012 kwamba filamu zimekitumbua kitabu na kukifanya sinema ya mapigano kwa vijana, alikuwa anazungumza kama mtu asiye na uwezo wa kuzuia chochote.

Za haraka haraka

Sauron si jicho tu. Gollum, aliyeteswa Mordor, anasema mkono mweusi wa Sauron una vidole vinne. Sauron ana mwili. Watengenezaji walilijua hilo, maana walipiga picha Aragorn akipambana naye langoni, kisha wakaghairi na kumbandika troli juu yake kwa kompyuta.

Mabawa ya Balrog, zimwi la moto na kivuli: Tolkien anasema kivuli chake kilitanda kama mabawa mawili makubwa, na aya chache baadaye anasema mabawa yalienea ukuta hadi ukuta. Kila upande una mstari wake. Mimi sina upande, na sitafuti.

Tom Bombadil hakuachwa na Jackson peke yake. Bakshi alimwacha, na tamthilia ya redio ya BBC ya 1981, ambayo wapenzi wa kitabu huisifu, nayo ilimwacha. (Frodo wa redio hiyo alikuwa Ian Holm, ambaye ndiye Bilbo wa filamu.) Ukimtaka sana, yumo kwenye igizo la televisheni ya Leningrad la 1991.

Dhana: Toleo refu la filamu linarudisha kilichokatwa

Linarudisha mengi mazuri, lakini si lile kubwa. Kitabuni Frodo na Hobbit wenzake watatu wanarudi nyumbani na kukuta Shire imetekwa, miti imekatwa, watu wanaishi kwa hofu, na Saruman, mchawi msaliti, ndiye mkubwa. Wanaikomboa wenyewe, bila Gandalf. Tolkien aliandika katika dibaji ya toleo la pili kwamba sura hiyo ni kiungo cha lazima, aliyoiona tangu mwanzo.

Jackson hakuwahi kuipiga picha kama sehemu ya hadithi. Alichobakiza ni sekunde chache kwenye kioo cha Galadriel, bibi mkubwa wa Elf, kinachoonyesha yanayoweza kuja: Shire ikiungua, kama onyo la jambo ambalo halitatokea. Toleo refu la filamu ya tatu linaongeza kifo cha Saruman kwa kisu cha Gríma, jinsi kilivyo kitabuni, ila juu ya mnara wake Orthanc, mbali na mlango wa nyumba ya Frodo kilikotokea. Hobbit wanarudi, wanaketi baa na bilauri zao, na hakuna jirani anayewatazama mara mbili. Onyesho hilo la baa nalipenda, na linasema jambo la kweli kuhusu askari wanaorudi makwao. Ila ni jambo tofauti na la Tolkien, ambaye kwake vita vilikuwa vimeshafika sebuleni.